Keki ya Mwaka Mmoja

Niliwahi kuamini, kwa moyo wangu wote na kwa elimu yangu yote ya skuli ya usiku, kwamba watoto wa Kizungu hawafi kwa sababu kila mwaka wanalishwa umri wao. Habari hiyo nilipewa na dobi wa meneja wa shamba la katani, upande wa Kibaha, ambako kazi yangu ilikuwa kuhesabu mafungu ya majani ya katani na kuyaandika. Dobi yule alikuwa wa kuaminika kuliko gazeti. Mtu anayekufulia mpaka soksi, utamficha nini?

"Umewahi kuona maziko ya mtoto wa Kizungu?" aliniuliza siku moja, pasi ya mkaa mkononi.

"Sijawahi."

"Basi. Na mimi nimewafulia miaka saba, sijafua shuka ya msiba hata moja. Siri iko jikoni. Mtoto akitimiza miaka mitano anapikiwa mkate wa sukari, wenyewe wanauita keki. Wanachomeka mishumaa mitano. Mtoto anaizima kwa pumzi yake, mkate unakatwa, unaliwa. Ile miaka mitano imeshaingia tumboni, imekwisha. Izraili akija anakuta sahani tupu."

Mtu mwingine angecheka mpaka akae chini. Mimi, ambaye nikicheka Kibaha nilikuwa nasikika Mlandizi, sikucheka. Nilikuwa nimezika watoto wawili. Wa kwanza alifikisha miezi saba. Wa pili miezi kumi na siku nne, na hizo siku nne nazijua kwa sababu wakati huo nilikuwa nimekwisha kujifunza kuandika tarehe. Kabla ya hapo watoto wetu walizaliwa wakati wa palizi na kufa wakati wa mavuno, hesabu ikaishia hapo. Mimi nilikuwa wa kwanza katika ukoo wetu, na pengine katika nusu ya Tanganyika, kujua hasa mtoto wangu amekaa duniani siku ngapi. Skuli haikuniambia kwamba kujua huko kunauma.

Wa tatu alikuwa wa kike. Alipozaliwa hatukupiga vigelegele. Mama mkwe wangu alikuja kutoka Kurui, akamfunga mtoto kwenye kitambaa kikuukuu, akampeleka jaani, akamweka juu ya maganda ya mihogo. Bibi mmoja wa jirani akapita kama mpita njia, akasema, "Lahaula, nani katupa takataka hii?" akamwokota. Mke wangu akamnunua kwa ungo wa pumba. Akapewa jina la uchafu ambalo sitaliandika, ili kifo kikija kumtafuta mtoto wetu kiambiwe hapa hakuna mtoto, kuna takataka iliyonunuliwa. Hakusifiwa. Hakuvishwa kitu kipya. Mgeni akisema "mtoto mzuri," mke wangu alijibu, "Mzuri wapi, huoni pua hiyo?" kisha akaingia ndani akalia.

Mtoto akafika miezi saba, akapita. Akafika miezi kumi na siku nne, nikakaa kizingitini kutwa nzima nikimtazama anavyopumua. Akapita. Tarehe ya kuzaliwa kwake nilikuwa nimeiandika kwa kalamu ya risasi kwenye fremu ya mlango, na sasa ilikuwa imebaki wiki mbili kutimiza mwaka. Hapo ndipo nikatangaza kwamba nitamfanyia siku ya kuzaliwa, na chakula kitakuwa keki.

Mama mkwe alikuwepo. Alikuja kila mwezi, kwa miguu na kwa lori la makopa, ile mihogo mikavu, kumwangalia mjukuu asiyetakiwa kuangaliwa.

"Baba," akaniambia, "huyu mtoto tumemwokota jaani. Leo wewe unataka kumpigia ngoma?"

"Si ngoma, mama. Ni keki."

"Keki ndiyo nini?"

Nikamweleza kama mwalimu mbele ya ubao: unga wa ngano, mayai, sukari, samli, unapiga mpaka mkono ukatike, halafu sufuria inawekewa moto chini na moto juu.

"Huo si mkate wa kumimina?"

"Mkate wa kumimina ni wa mchele, mama."

"Kwa hiyo huu wa Mzungu umekosa mchele, ndiyo ukawa dawa?"

Akaendelea, sauti imeshuka. "Ukitaka kulisha watoto, lisha. Pika wali wa nazi na mbaazi, tandika mkeka, waite, wale, waende. Usiseme unawalisha kwa ajili ya nani. Usiwashe mshumaa mchana kama unapunga pepo. Na mayai usiwape, mtoto anayelishwa mayai huwa mwizi."

"Mama, hayo yote tuliyafanya kwa wale wawili. Tulinyamaza. Tulificha. Kiko wapi?"

Mama mkwe akamgeukia binti yake. "Na wewe unaonaje?"

Mke wangu alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua kichwa. "Mimi naona apite mwaka," alisema. "Hata mkimlisha mawe."

Tukakubaliana kupika vyote, wali wa nazi na mbaazi za mama mkwe, na keki yangu. Lakini kuhusu kunyamaza, sikunyamaza. Ningenyamazaje? Nilikuwa na cheti cha skuli ya usiku na mdomo ambao Mungu aliuumba kwa udongo uliobaki wa watu watatu. Pale tulipokuwa tunapokea mafungu, wakata katani wakijipanga na majani yao, niliwahubiria habari ya Wazungu kula umri. Walisikiliza kuliko walivyowahi kumsikiliza meneja. Mmoja wao, mtani wangu, Mnyamwezi mrefu mwenye ulimi mrefu zaidi, akauliza:

"Mtani, kama mwenye siku anakula umri wake, hao wageni wanakula nini?"

Swali zuri. Dobi hakuwa amenipa jibu lake. Mtu mwenye busara angesema, "Sijui." Mimi nikajikohoza, nikasema:

"Wageni wanachangia. Kila mtoto anayekula anamchangia kidogo mwenye siku."

Nilikuwa na maana ya furaha. Wanamchangia furaha, kelele, vicheko, baraka za watoto. Lakini sikulitaja neno furaha, na lile la kuchangia likaondoka pale likiwa peke yake. Lilifika kisimani kabla mimi sijafika nyumbani. Huko wanawake wakalijaza wenyewe. Anachangia kidogo. Kidogo cha nini? Cha kile kinacholiwa. Na kinacholiwa ni nini? Si kasema mwenyewe, ni umri?

Siku ikafika. Keki niliipika mimi, kwa kuwa mke wangu aliogopa na mama mkwe alikataa. Chini iliungua kidogo, nusu ya kambi ya wafanyakazi ilijaa harufu ya sukari inayoungua. Juu ilibonyea katikati kama kofia iliyokaliwa. Mimi niliiona nzuri kuliko jumba la gavana. Nikachomeka mshumaa mmoja. Tukatandika mikeka mitatu uani, masinia mawili ya wali yakafunikwa kawa, ndoo ya maji ya kunawa ikawekwa pembeni. Wenzangu walikuwa na watoto thelathini katika zile nyumba za kambi, nami niliwaalika wote thelathini.

Alasiri ikapita. Tuliwasikia watoto wakicheza upande wa pili wa nyumba, wakikimbia, na kila walipokaribia kona ya kwetu sauti ya mama mmoja iliwaita. Wakageuka. Wali ukapoa. Nzi ndio waliokuja kwa wingi, na mmoja mkubwa alizunguka mshumaa kana kwamba yeye ndiye mwalikwa mkuu.

"Wamechelewa tu," nilisema. "Mwafrika na saa."

"Hawaji," mama mkwe akasema. "Umewaambia nini watu, baba?"

Wakati huo huo mtu alipiga hodi. Alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mke wa mtu anayefanya kazi bandarini Dar es Salaam. Mimi nilimwita shemeji, naye aliniita shemeji. Alikuwa na binti wa miaka mitano, mtoto mwembamba, mwenye kuuliza uliza. Alikuja amembeba mgongoni.

"Karibu, shemeji! Wenzako wako wapi?"

"Wenzangu wana kazi."

"Na huyu bibi harusi, mbona anabebwa na miguu anayo?"

"Leo kadeka," akasema. Hakucheka.

Furaha niliyoipata pale ingetosha kuendesha gari moshi mpaka Kigoma. Mgeni mmoja! Nikawasha mshumaa. Mwanangu akauona, akaangua kilio, akajificha kwenye kanga ya mama yake. Nta ikaanza kuchuruzika juu ya keki, mke wangu akauzima kwa vidole. Hakuna aliyepuliza. Nikakata. Mwanangu akapewa kipande, akakibinyabinya, akala nusu, nusu akaipaka nywele. Yule binti wa jirani alipewa chake, akakaa kimya mapajani kwa mama yake, akala polepole, akaokota hata makombo yaliyoangukia kwenye mkeka.

"Nipe kingine, shemeji," mama yake akasema kwa haraka, kama mtu anayeogopa nitabadili mawazo. "Mpe kingine, tafadhali."

Nikampa kikubwa zaidi. Akakimaliza. Wali hakuugusa. Wakaondoka, na sisi tukabaki na masinia mawili ambayo tulikula mpaka kesho yake, tumenuna kama watu wanaotumikia adhabu.

Mwanangu akawa amepita mwaka. Nilikwenda kwenye fremu ya mlango nikaandika namba moja mbele ya ile tarehe. Nilihisi nimeishinda serikali.

Siku ya tatu, asubuhi, tulisikia kilio upande wa pili wa ukuta. Binti wa miaka mitano alishikwa na degedege, macho yakageuka, mwili ukakakamaa. Kabla jua halijapanda alikuwa amekwisha.

Nilikwenda mazikoni. Ningekosaje? Nilishika jembe kusaidia kuchimba, na hapo mtani wangu Mnyamwezi akapata kazi yake. Utani wa msibani kila mtu wa huku anaujua. Mtani anaruhusiwa kusema lolote, na anayesemwa haruhusiwi kukasirika.

"Jamani, jamani!" akapaza sauti. "Huyu Mzaramo mnyang'anyeni jembe! Mkimwachia atachimba na kaburi la mtoto mwingine! Mtani, kipande kimebaki? Mimi mwanangu ana kikohozi, mwanao hataki kuongezewa miaka mingine?"

Watu wakacheka, kama ilivyo desturi. Halafu kicheko kikakatika ghafla, kwa sababu kila mmoja pale aliona kwamba mtani amesema lile lililokuwa likisemwa kisimani, na sasa limesemwa juu ya kaburi lililo wazi. Na mimi nilicheka. Nilicheka kwa sauti yangu ile ya kufika Mlandizi. Ndivyo sheria ya utani ilivyotaka.

Ndani kwa wanawake mama wa marehemu alikaa ameegemea ukuta, hakuniangalia.

Kuanzia siku ile nikawa najua maana ya kukaa peke yako katikati ya watu mia tatu. Wakata katani waliweka mafungu yao mbele yangu na kurudi nyuma hatua mbili. Kisimani wanawake walimwachia mke wangu nafasi ambayo ng'ombe angeweza kugeuka. Wakati huo huo mwanangu, aliyekuwa mwembamba tangu jaani, alianza kunenepa. Alinenepa kwa nguvu. Mashavu yakatuna, mikono ikajaa vipingili. Mwezi mmoja kabla ya hapo ningetoa ng'ombe kumi, ambao sikuwa nao, kuyaona mashavu yale. Sasa nilitamani ayafiche.

"Niambie kweli," mke wangu aliniuliza asubuhi moja, mtoto amelala mapajani kwake. "Umemchukua mtoto wa watu?"

"Sikujua," nikasema.

Angalieni jibu hilo. Sikusema, "Hapana, huo ni upuuzi." Nilisema sikujua. Mimi ndiye niliyeusambaza uvumi, na mimi ndiye niliyeuamini kuliko wote. Wale majirani walikuwa wanashuku tu. Mimi nilikuwa na ushahidi, nilimwona akila vipande viwili.

Tulihama kabla ya arobaini ya yule mtoto. Hatukumuaga jirani yetu. Tulipakia vitu kwenye lori la makopa, tukaenda Kurui kwa mama mkwe, nikawa mkulima wa mihogo na mikorosho kama baba na babu zangu, na cheti changu kikakaa ndani ya bati la biskuti pamoja na mbegu za maboga. Mama mkwe hakusema hata siku moja, "Nilikuambia." Alichofanya ni kulitaja jina la uchafu la mjukuu wake kwa sauti kubwa zaidi kuliko zamani, asubuhi na jioni, kana kwamba anamwambia mtu aliye nje ya ua.

Nikawa na hesabu yangu. Yule binti aliondoka na miaka mitano. Kama angeishi sitini, alibakiza hamsini na mitano. Je, kipande kimoja ni miaka mingapi? Vipande viwili ni miaka yote, au alichangia michache, na iliyobaki ikapotea njiani? Siku mwanangu atakapoimaliza aliyochangiwa, itakuwaje? Nilikuwa nasimama katikati ya tuta la mihogo na jembe hewani, nikifanya hesabu hiyo, mpaka mke wangu ananiita mara tatu. Mwanangu alipotimiza miaka mitano, ule umri wa yule mwenzake, nilikonda nikafanana na mpini. Akipiga chafya, nami natoka jasho.

Siku yake ya kuzaliwa ilipofika, kila mwaka, alikula ugali wa muhogo na kisamvu kama siku nyingine zote. Mara moja, akiwa na miaka sita, aliniuliza, "Baba, mimi nilizaliwa lini?"

"Wakati wa palizi," nikamwambia.

Mimi, mwenye tarehe, mwezi na mwaka. Nilimwambia palizi.

Alikuwa na miaka saba siku ile mwanamke mmoja alipopiga hodi, gunia tupu begani, akiuliza kama tuna makopa ya kuuza. Nilitoka nje nikifuta mikono. Alikuwa shemeji. Alikuwa amezeeka upande mmoja wa uso, sijui nieleze vipi.

"Sikujua kama ni kwako," akasema.

"Ni kwangu. Karibu, shemeji."

Mke wangu akatoka, akamwona, akasimama. Na hapo, kwa kuwa mambo hayasubiri mtu ajipange, mwanangu akaingia uani na ndoo ya maji kichwani. Akaitua, akapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

Shemeji alimtazama kwa muda mrefu, kuanzia nywele mpaka vidole vya miguu. Mke wangu akamshika mtoto mkono, akamvuta nyuma yake.

"Mwachie," shemeji akasema. "Mimi simli."

Neno hilo likanivunja. Nikakaa chini pale pale, mtu mzima, kwenye vumbi, nikasema yote. Nilisema, "Shemeji, nisamehe, aliyemla mwanao ni mimi." Nikamweleza habari ya dobi na mishumaa, habari ya kuchangia, vipande viwili, miaka hamsini na mitano. Nilieleza kwa urefu, kwa maana hata toba mimi siwezi kuifupisha. Alinisikiliza amesimama na gunia lake. Hakucheka wala hakulia.

"Miaka sita umekaa na maneno haya?"

"Sita."

"Na wewe ndiye uliyesoma."

"Nimesoma, shemeji."

Akavuta kigoda, akakaa. "Mwanangu alianza homa siku nne kabla ya shughuli yako. Siku nne hakutia kitu kinywani, hata uji. Siku ile akasikia harufu ya sukari inaungua kwako, akasema, mama, nataka kile. Watu waliniambia nisije. Nikambeba. Alipokula kipande cha pili nilisema huyu amepona." Akaweka gunia mapajani. "Sikuweza kusema pale msibani. Wangesema nimeleta mgonjwa penye mtoto wa watu. Nikasema nitakuambia siku ya arobaini, ukiwa peke yako. Mkawa mmeshahama. Nilikuja kukaa arobaini ya mwanangu, mlango wa jirani umefungwa kwa msumari."

Sikujua mahali pa kuweka uso. Nikauliza, kama mtoto anayetafuta pa kushika, "Na wale wa Kizungu, shemeji? Wasiokufa?"

"Nani kakwambia hawafi? Baada ya nyie kuondoka nilipata kazi ya uyaya kwa meneja. Mdogo wao alikufa mwaka uliofuata, homa hiyo hiyo. Keki alishakula tatu." Akasimama, akakunja gunia. "Kile ulichotupa kilikuwa mkate, shemeji. Unga, mayai na sukari. Mwanangu aliuawa na homa."